Sumaku ya Amplifaya ya Tatu

"Sangara, kati ya samaki watatu mmoja ameoza. Usiguse. Mwenye samaki yupo hapo, anaangalia. Kwisha."

Prudencia Kashaija aliisikia sauti hiyo sikioni. Sangara ni yeye. Samaki ni amplifaya tatu za magita zilizopangwa jukwaani, hatua ishirini mbele yake, ufukweni Igogo. Na kuoza maana yake bomu.

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini na nane alasiri. Saa kumi kamili mawaziri wa nchi za ziwa wangeketi mstari wa mbele.

Mbele ya amplifaya hizo, akikaza nyuzi za gita, alisimama Longino. Mdogo wake wa tumbo moja.

"Jiwe, niwatoe watu?" alimnong'oneza mkuu wake redioni. Kinasa sauti kilikuwa ndani ya hereni.

"Hapana. Wakikimbia, mwenye samaki anapiga simu. Akipiga simu, linalipuka."

"Basi nimtoe mpiga gita."

"Hapana, Sangara."

Haya sasa! Mfundishe mtu kulenga shabaha miaka mitatu, mpe bastola aina ya Glock, mpe miwani yenye kamera, halafu mwambie asimame tu amtazame mdogo wake. Prudencia aliishika mikanda ya mkoba wake hadi vidole vikauma.

Pembeni yake alikuwepo Mzee Machibya, fundi spika, mguu wa kushoto mbovu tangu utoto. Amplifaya zile zilitoka kwenye karakana yake, na Prudencia alikuwa ameshamweleza hatari.

"Mimi ndiye niliyewaponza, mwanangu," alisema. "Juzi alikuja mtu, akasema wana msiba Misungwi, hawana muziki wa kukesha nao. Nikampa zote tatu. Amezirudisha leo asubuhi."

"Hukumwuliza hata jina?"

"Msiba, mwanangu! Mtu wa msiba unamwulizaje maswali?"

Hata Prudencia angetoa.

"Wamebadilisha spika ndani ya amplifaya moja. Utaijua?"

"Kwa macho, siwezi. Wamefunga nyuma kwa skrubu zangu zilezile. Subiri Longino azijaribu."

Longino alichomeka waya kwenye amplifaya ya kwanza, akapiga. Machibya alifumba macho.

"Hiyo sumaku yake ni ya aloi, ya zamani. Ukiipiga kwa nguvu haigombani na wewe, inalainika. Koili yake ya waya niliisuka mwenyewe. Hiyo yangu."

Ya pili.

"Hii ya kauri. Sumaku bapa, nzito. Ukiongeza nguvu, nayo inakaza, hailegei hata kidogo. Nayo yangu."

Prudencia alikuwa amesikia gita lilelile mara mbili. Angelia, lakini kazini hawalii.

Ya tatu.

Machibya akafumbua macho.

"Siyo yangu."

"Una hakika, mzee?"

"Hii nayo ilikuwa ya kauri. Koni zangu zote za karatasi nazipaka gundi ya mbao ukingoni, nyepesi, niliyoichanganya na maji, karatasi isinyonye unyevu wa ziwa. Sauti yake inapoa. Hii inakwaruza. Halafu inawahi mno. Wameweka zile sumaku za kisasa, ndogo kama kifuniko cha soda, zina nguvu balaa. Sasa kama sumaku ni ndogo hivyo, na asubuhi nimelibeba sanduku likiwa na uzito uleule, pale palipobaki wamejaza nini?"

Prudencia alijua wamejaza nini.

Jukwaani Longino alikunja uso, akashika kipaza sauti. "Mzee Machibya! Fundi! Hii ya tatu imekuwaje?"

Watu wakageuka.

"Umesikia? Naitwa," Machibya alisema. "Fundi akiondoa spika mbovu, nani atashangaa?"

"Hapana, mzee. Naenda mimi."

"Wewe? Utaibeba kama mtoto mchanga, yule mtu atakujua palepale. Niache mimi."

Akaondoka akichechemea. Hakungoja ruhusa ya mtu.

Ndani ya mkoba kulikuwa na kifaa cha kuzima mtandao wa simu, kidogo kama kopo la poda. Chaji yake ni sekunde tisini tu. Kikiwaka, hata redio yake inakufa.

Machibya aliinua amplifaya ya tatu. Prudencia akabonyeza.

Moja. Mbili. Tatu.

Hakuweza kumkimbilia. Hakuweza kumsaidia kubeba. Alitoa noti, akapanda jukwaani akicheza, akaibandika kwenye paji la uso la Longino.

"Dada! Unanitunza na muziki haujaanza?"

"Cheza! Njoo huku mbele." Alimvuta mkono huku akicheka kwa sauti.

Thelathini na moja.

"Pisheni, pisheni! Limeungua hili!" Machibya alikuwa akifoka kuelekea kwenye mawe ya ziwani. Watu walimpisha wakicheka. Jamani, mbona anatembea polepole hivi!

Hamsini. Kila mtu alikuwa akilalamikia mtandao. Mwanaume mmoja wa mstari wa nne, kofia ya kaki, hakulalamika. Alikodolea macho ile amplifaya huku kidole kikibonyeza, kikibonyeza tena.

Prudencia aligusa miwani mara mbili, ishara waliyokubaliana. Paulo, mwenzake, alikuwa nyuma ya kiti kile, akimtazama. Akamkandamizia yule mwanaume bastola mbavuni.

Lakini simu ilimchomoka mwenye kofia mkononi, ikadondoka chini ya viti. Na ilikuwa imepangwa ijirudie kupiga yenyewe.

Themanini na mbili. Machibya alikuwa juu ya jiwe la mwisho.

Tupa, mzee. Tupa!

Akatupa.

Mtandao ukarudi.

Maji yalipanda juu kuliko jukwaa. Watu walipiga mayowe, na mshereheshaji akapaza sauti: "Tulieni, ndugu zangu! Ni baruti ya wavuvi hiyo!" Magari ya mawaziri yaligeukia getini.

Prudencia alimkuta Machibya ameketi majini, mzima, mikono yote ipo. Damu ilimtoka masikioni, michirizi miwili myembamba.

"Mzee! Mzee Machibya!"

Mzee alimtazama midomo.

Nyuma yao, ili kuwatuliza watu, Longino alikuwa ameanza kupiga gita kwenye amplifaya ya pili, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Hata mawe yalikuwa yakitetemeka.

Machibya alijipiga sikio kwa kiganja ili maji yatoke. Akatega. Akajipiga tena.

"Mwanangu," alisema kwa sauti kubwa mno, "mbona Longino haanzi? Mwambie atumie ile ya pili. Haina shida."

Prudencia aliitikia kwa kichwa, kwamba atamwambia.

"Sangara, fungu la samaki likoje?" Jiwe aliuliza redioni.

"Safi."

"Kazi nzuri. Ambulensi inakuja kwa mzee. Wewe ondoka, gari lipo barabarani. Usionekane."

Alirekebisha miwani. Alipita katikati ya watu waliokuwa wakicheza, taratibu, kama alivyofundishwa, wala hakugeuka nyuma.