Mstari Uliokwanguliwa Jiweni

Maiti ya Zaven Terunyan ilikuwa imelala kifudifudi juu ya kaburi la mtawa Hamazasp, kisogo kimepasuka.

Zaven alikuwa mtafiti kutoka Yerevan. Hamazasp ndiye aliyeandika habari za Watatari walipoiteketeza nchi, karne nyingi zilizopita. Kijiji kizima cha Tsoravan kilitembea kifua mbele kwa jina lake.

Inspekta Nvard Ghukasyan alichuchumaa. Mstari wa mwisho wa maandishi ya kaburi ulikuwa umekwanguliwa, na unga mwekundu wa jiwe ulikuwa bado mbichi.

"Chuma chembamba, ncha imepinda," alisema daktari wa polisi. "Na jeraha lina masizi."

Wanakijiji walisimama kando ya ukuta wa makaburi, nyuso zimekunjwa. Mukuch, mkuu wa kijiji, alitema mate.

"Alikuja kutuchimbulia wafu wetu. Kayapata."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwa padri, na nusu ya kijiji. Kamuulize. Kisha shika njia yako, dada."

Padri alithibitisha.

Koplo Rafik alikuja na simu ya marehemu. Zaven alikuwa ameondoa kuvu kwenye jiwe, akaupiga picha mstari ule kabla haujaharibiwa. Nvard aliusoma kwa sauti: "Alisalitiwa kwa Watatari na Vasil, mlinzi wa lango."

Akainua macho. "Nani hapa ni wa ukoo wa Vasil?"

Macho yote yalikimbilia nyumba moja.

Ndani, Arpenik, mjane aliyelitunza kaburi lile, alikuwa anaoka mikate. Alitumbukiza mkono kwenye tanuri, akauchomoa mkate huku akiuma meno. Vidole vilikuwa vimejaa malengelenge.

"Mama, ndoana yako ya kuopolea mikate iko wapi?"

"Imepotea."

"Tangu lini?"

"Umekuja kunifundisha kuoka?"

"Nimekuja kuuliza. Zaven alikuonyesha ile picha?"

"Sijui picha wala simjui Zaven. Toka kwangu!"

Rafik aliingia kutoka zizini. Ndoana ilikuwa mkononi mwake, imefungwa ndani ya mfuko. Ncha ilikuwa na damu kavu na unga mwekundu wa jiwe.

Arpenik aliitazama. Akaketi chini ya picha ya kijana aliyevaa sare za jeshi.

"Sasun wangu alifia vitani," alisema. "Walirudi wenzake wawili, wakanong'ona kwamba alikimbia. Niliwafunga midomo. Niliwaambia, sisi ni damu ya Vasil aliyemlinda Hamazasp, kwetu hakimbii mtu! Kisha huyu msomi ananiletea Vasil msaliti."

"Ulimwomba anyamaze?"

"Nilipiga magoti. Akasema historia haina huruma. Nikaanza kuukwangua ule mstari. Akanisukuma, akainama kulifuta jiwe, kama vile mimi si mtu. Nikampiga."

"Simama, mama."

Walipotoka, watu walikuwa wamejaa njiani. Maneno aliyoyasoma Nvard kwa kinywa chake mwenyewe yalikuwa yameshafika kila mlango.

"Mbegu ya Vasil!" alifoka Mukuch. "Ndiyo maana mwanao alikimbia!"

Arpenik aliinamisha kichwa, akaingia garini.

Jiwe la kwanza lilivunja dirisha la nyumba yake. Rafik aliwasha gari.

"Subiri," alisema Nvard.

Akashuka, akapenya katikati ya kundi lile na matusi yao, akaingia ndani kuichukua picha ya Sasun.