Sauti Nyuma ya Pipa

Bisha, bisha tu. Mi niliacha shule mapema, lakini masikio sikuyaacha darasani, na haya niliyasikia mchana kweupe hapa Gisenyi, mwaka wa hamsini na nne, nikingoja suruali yangu kwa Muhamadi fundi cherehani.

Mke wake, Saidati, alikuwa amezika mtoto mmoja. Huyu wa pili, Kadiri, hakumwacha apumue peke yake. Kila mara, toka jikoni: "Kadiri, uko muzima?"

"Niko, mama."

Nilimtania: "Mama Kadiri, huyu ni mutoto ama maziwa kwenye moto?"

Siku moja mtoto akajibu, "Niko, mama," na Saidati alikuwa hajauliza.

Tangu hapo nyuma ya pipa la maji ya mvua ilitoka harufu ya majivu mabichi, na sauti ya Saidati, laini kuliko yake mwenyewe, ikiuliza. Kila alipoitika, mtoto alipungua: akaacha kucheza, akaacha kula, ile "niko" ikabaki pumzi tu, na Saidati alivyozidi kuogopa ndivyo alivyozidi kuuliza, na kile kitu nacho kikauliza, hata mtoto asijue tena mama ni yupi.

Wakamwita Mwalimu Dauda wa msikitini. Akasema polepole, "Jini ilifuata woga yako, Mama Kadiri. Ni we uliifundisha kuuliza. Funga kinywa. Na uso pia, maana mutoto anasoma uso yako mbele ya kusikia neno."

"Na ikimuita?"

"Itamuita. Akiitika tena, utamuzika."

Muhamadi akampa mkewe pini. "Zishike na midomo, kama mi."

Saidati akaketi kupiga pindo suruali yangu. Kadiri akatumwa makusudi alete mpira wake wa matambara, kule kwenye pipa. Harufu ikapanda.

"Kadiri, uko muzima?"

Mtoto akageuka, akamtazama mama yake, mdomo umeshafunguka nusu, na Saidati, pini zimemchoma, damu anaimeza, akainua macho yaliyotulia kama ya mtu anayewaza mshono unaofuata, akamtabasamia kidogo, akaendelea kushona.

Kadiri akafunga mdomo. Akaokota mpira, akarudi. Jioni alikula ugali, akaomba tena.

Bon. Kuna kipande nilikiruka. Ile sauti haikunyamaza pale. Iligeuka, ikawa ya mama yangu, aliye kaburini, ikaniuliza kama niko muzima.

Mi niliitika.