Spika ya Tano

Haki ya Mungu, naapa kwa macho yangu yote mawili na kwa hili sikio la kulia ambalo ndilo linanilisha: haya yametokea. Nikiongeza hata punje ya chumvi, ulimi wangu uote nywele. Watu wananijua. Ni mimi niliyefunga spika kwenye ukumbi mrefu mpaka bwana harusi akiongea mbele, walioko nyuma wanamsikia akiwa ameshapata wajukuu. Shule sikwenda, sawa, hata jina langu naliandika kwa kubahatisha, lakini waya wowote ukiniona unaniamkia.

Sasa sikia. Saa tisa mchana, jua la kukaanga mawe, umeme umekatika mtaa mzima, hata mashine ya kusaga ya jirani imenyamaza. Fundi cherehani amekaa sebuleni kwake anapinda suruali ya mteja kwa mkono. Nyuma yake, upande wa kushoto, spika ikakohoa.

Kikohozi kidogo tu. Cha mwanamke anayeziba mdomo asimwamshe mtoto.

Huyo fundi tunamwita Baba Kasuku, kwa sababu ya binti yake wa miaka saba, mtoto anayeongea mpaka kuku wa jirani wanahama. Mama Kasuku alikuwa amefariki miezi minne nyuma. Kifua. Alipokuwa hai, kila jioni walikuwa wanaangalia filamu kwenye runinga yenye sauti ya mbu, masikio wameyabandika kwenye kioo, maana ile mashine ya jirani haina huruma. Mama Kasuku akawa anasema, "Siku moja, mume wangu, na sisi tutakaa katikati ya sauti kama matajiri." Mume akaahidi. Akawa anadunduliza kidogo kidogo kwenye kopo la vifungo, hospitali ikalikomba lote. Alipomaliza kuzika, akaanza kulijaza upya. Watu wakasema karukwa na akili. Mimi sikusema. Mtu aliye hai ukimvunjia ahadi utamwomba radhi; aliyekufa utamfuata wapi?

Akaja kwangu. "Fundi, nataka sinema ya nyumbani. Spika tano na ya besi. Lakini mfuko wenyewe huu, usinicheke."

"Baba Kasuku," nikamwambia, "mpe mwingine huo mfuko atakununulia waya. Mimi nitakutolea radi."

Tukaokoteza. Spika mbili za mbele nilizitoa kwenye saluni iliyofungwa. Ya katikati niliichomoa kwenye runinga iliyopasuliwa kioo na mpira. Mbili za nyuma zilitoka kwenye milango ya gari lililopata ajali. Sanduku la besi nililiunda kwa mlango wa kabati la marehemu, maana nguo zilishagawiwa na kabati lilibaki linapiga miayo. Ukutani tukabandika trei za mayai ili sauti isirukeruke, na juu yake Baba Kasuku akashona pazia zito la mabaki ya suti za watu. Usidhani ilikuwa takataka. Ile besi iliponguruma, mende walitoka wameinua mikono.

Kosa nililifanya mimi. Nalisema kwa mdomo wangu, na mimi si mtu wa kusema hivyo.

Mafundi wengine wanapima spika kwa mashine. Mimi nina njia yangu. Namkalisha mwenye nyumba kwenye kiti katikati ya chumba, nachukua sauti ya mtu anayemjua kuliko wote duniani, naipitisha kwenye spika moja moja. Sikio haliwezi kudanganywa na sauti ya mama mzazi. Likisema "hapo ndipo," basi ndipo.

"Nipe sauti ya mtu unayemjua vizuri," nikamwambia.

Akanipa simu. Ilikuwa sauti aliyotumiwa na mkewe kutoka wodini, ya mwisho: "Baba Kasuku, mtoto kala? Mvalishe sweta. Nitakuja. Msinifungie mlango."

Wewe ungefanyaje? Ningesema sitaki? Nikaipitisha. Mara moja kila spika, sehemu tano za chumba, yeye katikati amefumba macho, machozi yanashuka. Mara tano tumemwita marehemu nyumbani. Na aliyesikia mwaliko hakuwa marehemu.

Kesho yake mchana ndiyo spika ikakohoa bila umeme. Halafu ikasema, taratibu, kwa sauti ileile:

"Baba Kasuku. Nimekuja."

Mwanaume hakukimbia. Alilia, akavuta kiti.

Alinificha wiki tatu. Kila siku baada ya chakula alikuwa anakaa pale katikati, anaongea na mkewe. Suruali za wateja zikarundikana, cherehani ikaota kutu. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua, na ndani ya harufu hiyo, kwa mbali, mafuta aliyokuwa anajipaka marehemu. Wa kwanza kushtuka alikuwa mtoto.

"Baba, mbona mama anaongea bila kupumua?"

"Nyamaza, mwanangu. Mama amechoka."

Na mtoto akanyamaza kweli. Lakini kidogo kidogo. Spika ikitamka "sukari," kesho yake Kasuku anaonyesha sukari kwa kidole. Spika ikitamka "baba," mtoto anamvuta baba shati. Ilifika siku yule mtoto hana hata neno moja, na sauti ya ukutani, ambayo mwanzo haikupumua, ikaanza kupumua. Pumzi nyepesi. Pumzi ya mtoto.

Ndipo Baba Kasuku akanijia mbio, binti mgongoni, midomo ya mtoto imekuwa ya buluu.

"Fundi, njoo uzime."

"Si ubonyeze swichi?"

"Swichi nimeing'oa. Imo mfukoni mwangu."

Nilicheka. Mimi nimeingia kwenye dari zenye nyoka wanaonijua kwa jina, ndugu yangu, sijawahi kuogopa chumba. Lakini nilipofungua ule mlango, mchana kweupe, watoto wanacheza nje, harufu ikanikamata koo, na pazia la mabaki ya suti likawa linavimba na kusinyaa, linavimba na kusinyaa kama kifua, na waya nilizozifunga kwa mikono yangu mwenyewe zikawa na joto kama mishipa, na kutoka pembe zote kwa mpigo ile sauti ikanong'ona, "Fundi, ahsante kwa kunifungulia," nikajikuta nimesimama barabarani bila viatu na sijui nimepita mlangoni au dirishani.

Nikamfuata mganga. Ni mama mmoja mzee aliyefanya kazi miaka mingi ya kuunganisha simu, zile za zamani za kuchomeka waya kwa mkono; anasema sauti zote za walio hai na za wengine zimepita sikioni kwake. Aliingia, akasimama dakika moja, akatoka.

"Huyu si mkeo, mwanangu," akamwambia Baba Kasuku kwa sauti ya chini. "Ni jini. Limevaa sauti ya mkeo kama nguo, na sasa linataka mwili wa kutia ndani ya nguo hiyo. Jua likizama leo, mtoto hana pumzi."

"Nifanye nini, mama?"

"Limeitwa mara tano, likanwe mara tano. Wewe mwenyewe. Kila spika, uiangalie, useme: sikujui. Halafu ukate waya. Na ile sauti kwenye simu uifute, maana ndiyo njia lililopitia."

"Ndiyo pekee niliyonayo," akasema. "Sina nyingine ya sauti yake. Hata moja."

Kasuku alikuwa mapajani mwangu, anavuta hewa kama samaki aliyetupwa nchi kavu. Baba mtu akamwangalia. Akafuta. Akachukua mkasi wake wa kukatia suti, tukaingia naye wote, mtoto mikononi mwangu.

Spika ya kwanza ikasema, "Mume wangu, unanifanyia hivi?" Akasema sikujui, akakata. Ya pili ikamkumbusha siku waliyooana, mvua ilivyowanyeshea wakacheka. Sikujui. Akakata. Ya tatu ikalia tu, kilio cha mwanamke aliyeachwa wodini peke yake, ikauliza mbona siku ile ulichelewa kuja, mbona ulinikuta nimeshafunikwa. Baba Kasuku akapiga magoti. Nilidhani basi, tumeshindwa. Akatambaa. Sikujui. Mkasi ukalia. Ya nne ikanguruma lugha ambayo sitairudia hata unipe dunia, besi ikapasua mlango wa kabati vipande viwili, na Kasuku mikononi mwangu akawa mwepesi, mwepesi kama nguo tupu.

Ikabaki ya tano. Ile ya nyuma, kushoto.

Kimya. Harufu ya kuungua ikakatika ghafla, ikabaki ile ya mafuta peke yake. Halafu sauti ikaja, ndogo, haina haraka:

"Kata, Baba Kasuku. Kata upesi. Mtoto."

Mkasi ukasimama hewani. Nilimwona mganga akitoa mkono wake ukutani kama aliyegusa moto.

Baba Kasuku akapiga hatua moja mbele. Akaitazama ile spika kama unavyomtazama mtu. "Sikujui," akasema. Akakata.

Kasuku akavuta pumzi ndefu, akapiga chafya, akasema, "Baba, nina kiu." Tangu saa ile hajanyamaza tena, na kuku wamehama upya.

Lakini jioni ile, nikiwa naviringisha waya, Baba Kasuku alikuja akasimama mbele yetu, macho mekundu. "Ile ya mwisho," akasema. "Niambieni kweli. Na yenyewe ilikuwa jini?"

"Jini," mganga akasema.

"Jini mia kwa mia," nikasema mimi. "Nani asijue?"

Akaitikia kwa kichwa, akashusha pumzi, akaenda kumpikia mtoto. Tangu siku hiyo analala, anashona, anakula.

Nilimsindikiza mganga. Tulitembea mtaa mzima. Kwenye kona akasimama, akajifuta uso. "Fundi," akasema, "miaka yangu yote, sijawahi kusikia jini likiomba likatwe."



Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu, kwa unachokipenda. Nimekwambia kwa sababu kifua kimenijaa. Usimwambie mtu. Ana duka la ushonaji pale pale, utapita, utamsalimia, atakupima suruali na atakuchekesha. Usije ukamwambia kwenye ile spika ya tano alimwambia nani, sikujui.