Chupa ya Kituo cha Sita

Mdudu aliyelowekwa kwenye spiriti siku tatu hana ruhusa ya kuogelea, lakini yule aliogelea. Mpima maji alikuwa amemimina chupa ya kituo cha sita kwenye sinia jeupe ili ahesabu, na katikati ya konokono waliokufa, kidudu kimoja kikazunguka taratibu, kikasimama, kikamgeukia.

Alilifunika sinia haraka, kwa maana alijua alichokifanya. Kinamasi alichokipima kilikuwa na vituo sita, na kila msimu kila kituo kilichotwa kwa wavu, kwani wadudu ndio wanaoonyesha kama maji ni mazima au yanakufa. Juzi jua lilikuwa kali, binti yake ana homa kwa jirani, na kituo cha sita ni dimbwi jeusi nyuma ya matete, ambako wapimaji waliomtangulia hawakuchota bila kumwomba mwenye dimbwi kwa sauti na kurudisha tope lililobaki. Basi akachota kituo cha tano mara mbili, akaandika kwa penseli kwenye kibandiko: Kituo 6. Nani angejua?

Mwenzake wa maabara, Miwani, mtu wa utani hata msibani, aliposimuliwa hakucheka. Alisogeza kiti karibu, akashusha sauti.

"Dada, umeandika kwake, na kwake hukufika. Anakudai chupa."

"Anayenidai nani?"

"Rudi ukachote leo. Ukichelewa, atakuja kuchota mwenyewe."

Akajibu atakwenda kesho, mtoto kwanza. Nani amlaumu? Mwana ni mwana, na binti yule alikuwa wa pekee.

Alimchukua kwa jirani alasiri, akamlaza, akaenda jikoni kuchemsha uji. Hapo ndipo harufu ya tope ilipoingia. Kisha sauti kutoka bafuni: chubwi, kimya, chubwi, kimya. Miguu yake iliitambua kabla ya kichwa chake, kwa kuwa ndiyo sauti aliyoitoa mwenyewe miaka tisa, ya mtu anayekanyaga tope ili wadudu waibuke na kuingia wavuni, na alipokimbia chumbani akakuta kitanda kitupu, shuka limelowa, nyayo za tope zenye vidole virefu mno zikielekea bafuni na hakuna hata mmoja unaorudi, akaita jina la mwanawe mpaka sauti ikamkauka, akausukuma mlango.

Mtoto alikuwa ndani ya pipa la maji, amezama hadi kidevuni, amefumba macho. Bafu zima lilinuka spiriti. Kwenye kifundo cha mkono wake kilikuwa kimebandikwa kibandiko, kwa penseli, kwa mwandiko wa mama mwenyewe: Kituo 6. Idadi: 1.

"Mwanangu," alinong'ona. "Mama nimekuja."

Mtoto akazunguka taratibu, akasimama, akamgeukia.