Boma Lililofungwa kwa Ndani

Mimi kazi yangu ni kuchekesha watu, lakini hadithi hii ya rafiki yangu Joash hunikausha mdomo. Mwaka wa tisini na saba alihamia zile nyumba za matajiri nje ya Homa Bay, ukuta mrefu, msitu pande zote. Jioni moja stima ikapotea. Akamwacha mkewe Phelesia, mwenye mimba ya miezi minane, sebuleni, akaenda getini kuuliza habari za jenereta.

Njiani, gizani, akasikia kengele za ng'ombe na kwato nyingi zikimpita.

"Werema, nani anafuga ng'ombe humu?" akamuuliza askari.

"Ng'ombe? Mkubwa, hapa hata mbuzi lazima aonyeshe kitambulisho!"

Wakacheka. Kisha kengele zikalia kutoka nyumbani kwake.

Joash akatimua mbio. Mlango ulikuwa wazi, lakini umezibwa kwa matawi ya miiba, vile wazee walivyofunga boma mifugo ikishaingia. Na aliyeyavuta alikuwa ndani.

"Phelesia!"

"Nyamaza, Joash," mkewe akanong'ona gizani. "Anahesabu ng'ombe wake. Kila akinifikia mimi, anahesabu wawili."