Bei ya Joho la Anselmo

Jumamosi ya kwanza ya Desemba, jumba la kompyuta la barabara ya Eje Central lilijaa watu hadi ukitaka kukuna sikio unamwomba jirani radhi. Mimi nilikuwa nauza vifuniko vya simu ghorofa ya pili, na kibanda cha pembeni yangu kilikuwa cha Fermín Olguín, kijana wa miaka thelathini na mmoja, fulana nyeusi, nywele kazilaza kwa mafuta, mdomo haujui likizo. Haya ninayosimulia mengine niliyaona, mengine waliniambia wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake, kwa hiyo msiniulize nimejuaje.

Fermín aliuza vitu visivyoshikika: mapanga, mabawa na majoho ya mchezo wa kompyuta uitwao Milango Saba. Msicheke. Watu wanavaa vizuri zaidi humo mchezoni kuliko wanavyovaa kazini, na wanalipa pesa ya kweli.

Basi mbele ya kibanda chake akasimama mwanamke mwenye koti la kijivu na skafu ya manjano, mikono imejaa vumbi jeupe. Akatazama kioo cha kompyuta ya Fermín, akatazama simu yake, akarudia tena.

"Kaka, hili joho jekundu unauza peso mia saba?"

"Kwako mia saba. Kwa wabaya, mia saba vilevile."

"Mbona duka la kampuni yenyewe linauza elfu moja na mia mbili? La kwako la wizi?"

Watu wakageuka. Fermín akaweka mkono kifuani. "Dada, hata salamu hujanipa, ushanifunga jela!"

"Jibu basi."

"Haya, kaa nikueleze, maana una uso wa mtu anayependa kuelewa." Akamsogezea kigoda. "Pesa ukiitia kwenye duka la kampuni, imeingia, haitoki. Sasa kuna kijana ana majoho ishirini kwenye akaunti, na nyumbani hana hata yai. Kampuni haimrudishii senti. Anakuja kwangu, nampa taslimu leo leo, pungufu, na anashukuru. Hiyo moja."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni woga. Joho likihama kutoka akaunti ya mtu kwenda ya mwingine, kampuni inalichunga siku saba. Ndani ya siku hizo aliyeuza anaweza kuwaandikia: jamani, nimeibiwa akaunti! Nao wanamrudishia. Pesa kala, joho karudishiwa. Mimi nimefanyiwa hivyo mara mbili. Ukinunua dukani unalala usingizi. Ukinunua kwangu hulali wiki nzima, sasa si lazima nikupunguzie?"

Mwanamke akacheka kidogo, halafu kicheko kikakatika.

"Wewe huchezi," Fermín akasema. "Mchezaji haulizi kwa nini ni rahisi. Analilia nipunguze tena."

"Aliyekuwa akicheza ni kaka yangu, Anselmo. Alikufa Oktoba, mapafu. Ameacha majoho kumi na moja. Nilitaka tu nijue bei kabla hamjanipunja."

Fermín akageuza kioo chake pembeni. Kisha akasema taratibu, "Pole sana, dada. Usiuze leo. Mtu akiuza huku analia hupunjwa, hata na mimi."

Nilikaribia kuanguka kitini. Fermín kukataa mali! Hapo nikajua huyu kijana amekwisha.

Mwanamke aliitwa Nereida. Alikuwa akisaga vioo vya miwani katika karakana ya mtaa wa Motolinía, na aliishi mtaa wa Portales na mama yake, Mama Jovita. Kufikia Krismasi simu ya Fermín ilikuwa haipumui.

"Umekula?"

"Nimekula vumbi la vioo."

"Nikuletee tamali? Za mahindi na pilipili ya kijani, bado za moto."

"Jana umeniletea tatu. Unanilisha au unaninenepesha ili uniuze?"

"Nikikuuza wewe, mama, sipunguzi hata peso."

"Muongo! Wewe unapunguza kila kitu."

"Jaribu kuja na mnunuzi uone nitakavyomfukuza."

Nami upande wa pili nasikia yote, nauza vifuniko huku natabasamu kama mjinga. Jioni walikula mahindi ya kikombe pale njiani, yenye limau na pilipili, Fermín akimfuta Nereida mdomo kwa kidole mbele za watu. Februari Fermín alivaa shati jeupe la mikono mirefu, akabeba boksi zima la mikate mitamu, akaenda Portales kumwomba Mama Jovita ruhusa. Mama akala mkate mmoja, akamtazama, akala wa pili, akakubali. Harusi ikapangwa Juni.

Majivu ya Anselmo yalikuwa bado nyumbani, kwenye kasha juu ya kabati, kando ya picha yake. Mama alitaka kumnunulia kijidirisha chake cha kuwekea majivu kanisani, apumzike na wenzake. Ndiyo maana Machi wakaamua kuuza. Nereida akampa Fermín neno la siri la akaunti ya marehemu, na kwenye biashara ile hakuna kitu kikubwa zaidi ambacho mtu anaweza kukupa. Fermín akauza majoho yote kumi na moja kwa siku moja, bei nzuri kuliko zake mwenyewe, wala hakuchukua chake. Nereida akapokea pesa yote mkononi.

Siku ya nne usiku Nereida akaingia mchezoni amwone kaka yake. Yule mtu wa mchezoni wa Anselmo, mwenye jina lake juu ya kichwa, alisimama kando ya kisima katika nguo za kawaida, na rafiki zake, watu ambao hawakuwahi kumwona uso, walikuwa wamemzungushia taa. Nereida akalia. Akaogopa kwamba kampuni ikiona mtu hachezi tena itafuta jina. Akawaandikia. Na kwa kuwa ni mwanamke mkweli aliyelelewa na mama mkweli, aliandika ukweli wote, kwamba kaka amefariki.

Kosa hilo hafanyi mtu wa Eje Central hata akiwa mlevi. Kwetu sisi, mchezaji hafi. Ukiiambia kampuni kwamba mwenye akaunti amekufa, akaunti haina mwenyewe, inafungwa, na kila kilichotoka ndani yake kabla siku saba hazijaisha kinavutwa kurudi. Fermín alimfundisha mengi, hilo hakumfundisha, maana hakuna anayedhani mtu atakwenda kulisema.

Asubuhi ya siku ya sita wanunuzi kumi na mmoja wakaamka hawana majoho. Mmoja alikuja mwenyewe, jitu la mabega, akasimama katikati ya ghorofa akapiga kelele, "Mwizi huyu! Olguín mwizi!" Kila kibanda kikasikia. Fermín akampigia Nereida palepale.

"Umewaandikia kampuni?"

"Ee, juzi usiku, nilitaka—"

"Juzi. Siku ya nne."

"Siku ya nne ya nini? Mbona unaongea hivyo?"

"Nilikufundisha mwenyewe! Siku ya kwanza kabisa, hapa kibandani, nilikufungulia wizi wote, na wewe umekaa kwenye kigoda changu unanisikiliza."

"Fermín, unasema nini, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Umemuuza kaka yako mara mbili."

Nyuma ya simu ile mashine ya kusaga vioo ilisikika ikizunguka, kisha mtu akaizima.

"Rudia," Nereida akasema.

Hakurudia. Alikata.

Nilimwambia, "Ndugu yangu, mwache angalau aeleze." Akanijibu, "Wote wanaeleza." Kesho yake msichana wa karakana alileta bahasha, pesa yote imo, haikupungua hata peso moja. Nikamwambia tena, "Mwizi gani anarudisha?" Akasema, "Anayeogopa polisi." Nilitaka kumzaba kibao. Mtu akishaamua kushuku, hata ukimpa maji atayanusa kwanza.

Fermín aliwalipa wanunuzi wote, jina lake likasimama tena, na yeye akakonda. Wiki tano. Nilimwona akiandika ujumbe, akiufuta, akiandika. Kule Motolinía Nereida alivunja vioo vitatu kwa siku moja, yeye ambaye hakuwahi kuvunja. Pete ya uchumba aliifunga katika leso akaiweka droo ya mama yake. Kasha la Anselmo likabaki juu ya kabati.

Mwisho wa Aprili Mama Jovita akapanda ngazi zetu, gauni jeusi, anapumzika kila baada ya hatua tatu. Hakunisalimu. Akamnyooshea Fermín simu.

"Nisomee hii, mwanangu. Ni ya Nereida, ameiacha mezani. Imetoka kwa watu wa mchezo, naye hataki kunisomea. Maandishi madogo, macho yangu hayafiki."

Mimi hadi leo naamini alikuwa ameshasomewa na jirani. Lakini Fermín akapokea, akasoma kwa sauti.

"Mpendwa Bi Nereida. Tunakupa pole kwa kifo cha kaka yako. Tumepokea ombi lako kwamba jina la Anselmo lisifutwe, ili rafiki zake waendelee kumtembelea. Uliomba pia kwamba majoho aliyokuwa nayo yabaki kwa wale walioyanunua, kwa kuwa, kama ulivyoandika, waliyanunua kwa haki kutoka kwa mtu mwaminifu utakayeolewa naye. Tunasikitika kwamba taratibu zetu..."

Akaishusha simu.

"Endelea," Mama Jovita akasema.

"Imeisha, mama."

"Haijaisha. Naona mistari mingine." Akaichukua simu yake, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Anatoka kazini saa kumi na mbili."

Fermín alikimbia bila kufunga kibanda. Alimkuta Motolinía anafungua aproni, amevaa blauzi ya bluu, mabega yamekuwa membamba. Nereida hakushtuka.

"Nimesoma," Fermín akasema huku anahema.

"Najua. Mama amenipigia." Akashika njia ya kituo cha treni cha Allende. Fermín akafuata ubavuni, anaongea, anaomba, anajitukana, naye anatembea tu. Chini kwenye jukwaa palikuwa na vizuizi vya jioni, mabehewa ya mbele ni ya wanawake peke yao. Nereida akapita. Askari mwanamke akanyoosha mkono kumzuia Fermín.

"Wanaume nyuma, kijana."

"Mchumba wangu yule, afande!"

"Hata awe mama yako. Nyuma."

Fermín akaingia behewa la nyuma la treni hiyohiyo, kabanwa na mabegi ya watu. Treni ilipotoka ardhini pale San Antonio Abad na mwanga ukaingia, akapiga. Nereida akapokea.

"Nereida, nisamehe."

"Nilishakusamehe. Wiki ileile."

Fermín akadakia. "Basi nitakusubiri pale Portales, penye mlango wa kutokea. Twende pamoja kwa mama. Juni bado haijafika, mpenzi wangu. Kijidirisha cha Anselmo nitakinunua mimi, nisikilize—"

"Nijibu neno moja kwanza. Barua ile isingekuja, ungeniamini?"

Huyu ni mtu aliyekuwa akidanganya wateja kutwa nzima huku anatabasamu. Uongo mmoja tu, mdogo, ulikuwa ulimini. Vituo vikapita, Viaducto, Xola.

"Nisingekuamini," akasema.

"Hata baada ya miaka kumi?"

"Nisingekuamini, Nereida. Mungu anisamehe."

Akamsikia akipumua kwa shida. "Ahsante. Ungenidanganya, ningeshuka Portales. Ningeolewa na wewe, na siku moja kijiko kingepotea nyumbani, ungeniangalia."

"Nitabadilika!"

"Labda. Lakini mimi sasa najua hilo jicho likoje. Nakupenda, Fermín. Hilo angalau usilitilie shaka."

Simu ikakatika. Kufika kituo cha Portales, Fermín akaruka nje, akakimbia jukwaani kuelekea mbele, anasukuma watu. Alimwona dirishani, ameketi, mkoba mapajani, analia waziwazi bila kujificha, anamtazama. Milango ikafungwa, treni ikaenda kituo kinachofuata, Ermita.

Nyumbani kwake ni Portales, lazima angerudi. Fermín akapita upande wa pili, wa treni zinazorudi kutoka Tasqueña, mwisho wa reli. Alinipigia nimfungie kibanda. Nikamuuliza utarudi saa ngapi, akasema bado anamsubiri. Zikaja treni, zikashusha watu, zikaondoka. Saa mbili kasoro akamwona Mama Jovita anashuka ngazi za kituo, ameshika ukuta.

"Amekuja na basi, mwanangu," mama akasema. "Yuko nyumbani, amekula, amelala. Nenda kwenu."