Mama Mdogo Alikwenda Mwenyewe

Mwanapili alikuwa akikuna nazi nyumbani kwake Munje wakati Sidi alipopiga hodi. Sidi alikuwa akiuza samaki wakavu mpaka Lunga Lunga, penye kituo cha mpakani. Siku ile hakutaka hata kuketi.

"Tsuma wenu amekamatwa mpakani," alisema. "Hana cheti cha njia. Wamemfungia katika stoo ya mabati pamoja na wengine. Nimewasikia wakiomba maji. Askari akawaambia wangoje mvua."

Tsuma alikuwa mtoto wa dada yake Mwanapili. Alitoka Moa, upande wa Tanganyika, kuja arobaini ya bibi yake. Zamani Wadigo walivuka mpaka ule kama mtu anayetoka ukumbini kwenda uani. Lakini mwaka huo wa 1954, wakati wa hali ya hatari, ulinzi ulikuwa umekazwa.

Mwanapili alimtazama mumewe, Chirau.

"Kwenu mtu husemewa na mjomba wake," alisema Chirau. "Mimi ni mume tu. Nikijipeleka, kaka yako Abdurahman atasema nimemvunjia heshima."

"Abdurahman yuko Pemba."

"Basi tumpelekee habari, tumngoje."

Wakamngoja. Sidi aliporudi tena, alisema kwamba Tsuma hawezi kusimama.

Mwanapili alijifunga leso, akaenda kwa jirani yao Kalama, mkalimani wa korti, ambaye alikuwa nyumbani kwa likizo.

"Shikamoo, Bwana Kalama."

"Marahaba, Bi Mwanapili. Mbona unatetemeka?"

"Si baridi. Ni hasira."

Alipokwisha kueleza, Kalama aliuliza, "Yumo humo tangu lini?"

"Tangu Ijumaa."

"Na leo ni Jumanne. Sikiliza. Askari ana haki ya kumwuliza msafiri cheti. Ana haki ya kumkamata asiye nacho. Hana haki ya kumnyima maji wala chakula. Tena lazima amfikishe kwa hakimu bila kumchelewesha. Ndugu yeyote anaweza kwenda kuuliza, mwanamke au mwanamume."

"Na mjomba?"

"Mjomba atawafaa arusini. Sheria haikuwaambia mumngoje. Askari wamekosa, na ninyi mmewapa nafasi."

Maneno hayo yalimchoma, lakini hakuyakana. Alijaza mtungi maji, wakapanda basi pamoja.

Kituoni koplo alikuwa akinywa chai.

"Wewe ni nani wake?" aliuliza.

"Mama yake mdogo."

"Ninyi Wadigo mmeishiwa na wanaume?"

"Wanaume wapo. Nimekuja mimi. Ameshtakiwa kosa gani, na atafikishwa kwa hakimu lini?"

Koplo alimgeukia Kalama. "Wewe ndiye uliyemfundisha?"

"Ameuliza yeye. Mjibu yeye," alisema Kalama.

"Usiponijibu," alisema Mwanapili, "kesho nitaketi mlangoni kwa Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, kule Kwale, mpaka anisikilize. Sasa fungua. Watu wana kiu."

Mlango ulipofunguliwa, joto liliwapiga usoni kama la tanuri. Tsuma alikuwa amelala sakafuni, midomo imepasuka.

"Mama mdogo," alisema, "waliniambia sina mwenyewe."

Mwanapili alimwinua kichwa. Alimnywesha kidogo kidogo, kisha akawanywesha wote waliokuwamo. Mtungi ulipokwisha, alimpa koplo aujaze kisimani. Koplo alisita, akamtazama Kalama, akaenda.

Kesho yake mahabusu walipelekwa kortini. Hakimu alimwuliza koplo kwa nini wamecheleweshwa. Tsuma alionywa, akaandikiwa cheti, akaachiliwa. Mzee mmoja aliyefungiwa naye alilazwa hospitali, Msambweni.

Abdurahman alifika wiki iliyofuata, amekunja uso.

"Nani alikuruhusu kumsemea mpwa wangu?" aliuliza.

"Hakuna," alisema Mwanapili. "Kama ningengoja ruhusa yako, ungekuja kumsomea hitima."

Abdurahman alimtazama Tsuma aliyekuwa akinywa uji barazani. Akaenda kuketi karibu naye.

Tangu siku hiyo, habari ya mtu kukamatwa mpakani ikifika Munje, hakuna anayeuliza mjomba yuko wapi. Aliye karibu huchukua maji na chakula, akaenda siku ile ile kuuliza kosa na siku ya korti.